Mayai ya Kobe na Joto la Udongo

Mvua za kwanza zilikuwa zimekwisha kunyesha. Mtoto mmoja alikwenda shambani pamoja na bibi yake, karibu na njia itokayo Kasongo kwenda Kabambare. Walikuwa wakilima mahali pa kupanda karanga. Jembe la mtoto lilifukua udongo laini kando ya kichaka, naye akaona kitu cheupe. Akainama, akaondoa udongo kwa vidole. Lo! Mayai manne, meupe, madogo kuliko ya kuku.

“Bibi, njoo utazame! Nimeona mayai ya nyoka.”

Bibi akaja, akayagusa kwa kidole. “Sivyo, mjukuu wangu. Ganda la yai la nyoka ni laini kama ngozi. Haya ni magumu. Ni mayai ya kobe.”

“Basi, bibi, niyapeleke nyumbani. Kuku wetu mweusi anaatamia. Nitayaweka chini yake, naye atatuangulia kobe wanne.”

Bibi akacheka. “Yai la kobe halina mama ila udongo. Yaache mahali pake.”

“Lakini kwa nini, bibi? Hapa yatapata baridi.”

“Wazee wetu walituambia hivyo. Sababu yake kamwulize mwalimu.”

Mtoto akayafunika tena kwa udongo, akachomeka kijiti ili jembe lisipite pale. Kesho yake akamwuliza mwalimu. Jibu la mwalimu lilikuwa refu, tena la kustaajabisha. Ninyi nanyi lisikieni.

1. Kobe haatamii mayai yake

Kobe mnamjua. Katika hadithi za jioni yeye ni mwenda pole mwenye akili nyingi. Katika nchi yetu ya Maniema ya kusini, mahali msitu na nyika hukutana, yuko kobe ambaye gamba lake limekatika upande wa nyuma kama mlango wenye bawaba. Akiogopa, huingiza kichwa na miguu ndani, kisha hukunja gamba la nyuma, akafunga mlango wake.

Kobe jike akitaka kutaga, hutafuta udongo ulio laini. Huchimba shimo kwa miguu ya nyuma, hutaga mayai yake machache, huyafunika vizuri, halafu huenda zake. Haketi juu yake. Harudi kuyatazama. Watoto wakitoka, hawamjui mama yao, wala mama hawajui watoto wake.

Je, ni mama mbaya? Hapana. Kuku ana damu ya moto, na joto la mwili wake ndilo linalolea vifaranga katika mayai kwa siku 21. Kobe hana joto la namna hiyo. Asubuhi penye baridi mwili wake ni baridi. Jua likiwaka mwili wake hupata moto. Hata angeketi juu ya mayai mwaka mzima, asingeyapa joto. Kwa hiyo ameyakabidhi kwa mlezi mwingine. Jua hutia joto katika udongo, na udongo hulitia joto hilo katika mayai. Kazi hiyo huendelea polepole kwa muda wa miezi.

Maneno ya bibi, basi, yalikuwa ya kweli. Lakini udongo hufanya zaidi ya kulea. Unafanya jambo ambalo hata bibi hakulijua.

2. Dume au jike: shauri hukatwa lini?

Tuanze na wanyama wa nyumbani. Mbuzi akichukua mimba, mtoto aliye tumboni ni dume au jike tangu mwanzo kabisa. Kuku naye ni hivyo hivyo. Yai likitagwa, shauri limekwisha kukatwa. Kifaranga atakuwa jogoo au tembe, na kukaa kwake kwenye joto au baridi hakubadili neno. Kwa binadamu pia jambo hilo huamuliwa siku ile ile mimba inapoanza.

Kwa kobe sivyo. Yai la kobe likiisha kutagwa, kiumbe kilichomo bado si dume wala si jike. Ni kama donge la udongo mikononi mwa mfinyanzi: laweza kuwa chungu, laweza kuwa mtungi. Mfinyanzi wake ni joto la kiota.

Kama udongo una joto kidogo, wengi wa watoto huwa madume. Kama udongo una joto kubwa zaidi, wengi huwa majike. Na pakiwa na joto la katikati, hutoka madume na majike pamoja. Kobe wa nchi kavu ambao wataalamu wamewachunguza mpaka sasa ndivyo walivyo. Kasa wa baharini ni hivyo pia, hata kobe wengi wa maji. Lakini si wote: kobe wa maji wenye gamba laini kama ngozi hufuata desturi nyingine, na joto haliwageuzi.

3. Jambo hili lilijulikanaje?

Kwa miaka mingi watu waliosoma hawakulijua. Walidhani wanyama wote ni kama mbuzi na kuku. Aliyefungua njia alifanya kazi yake hapa hapa Afrika, katika mji wa Dakar, nchi ya Senegal. Mwaka wa 1966 mtaalamu mmoja wa kike, jina lake Madeleine Charnier, aliandika habari za mjusi aitwaye agama. Mijusi wa ukoo huo huota jua kwenye kuta na mawe, nao hutikisatikisa kichwa kana kwamba wanasema “ndiyo, ndiyo”. Charnier aliyaweka mayai ya mjusi huyo katika joto mbalimbali. Katika joto la digrii 26 na 27, karibu wote waliotoka walikuwa majike. Katika joto la digrii 29, walitoka madume.

Watu wengi hawakujali habari hiyo. Lakini miaka michache baadaye, huko Ufaransa, mtaalamu Claude Pieau alijaribu mayai ya kobe. Kwa kobe mmoja wa maji wa Ulaya aliona hivi: katika digrii 25 wote walikuwa madume, katika digrii 30 wote walikuwa majike. Angalieni vizuri, watoto. Tofauti ni digrii 5 tu. Mtu akiwa na homa kali, mwili wake hupanda digrii 3 au 4 kupita kawaida. Tofauti ndogo ya namna hiyo yatosha kugeuza kizazi kizima cha kobe.

Tena angalieni jambo la pili. Kwa mjusi wa Dakar, joto kubwa zaidi lilileta madume. Kwa kobe, joto kubwa zaidi lilileta majike. Kila ukoo una kanuni yake.

Mamba ana kanuni ya tatu. Wale wanaokaa karibu na Lualaba au Luama wamjua mamba. Mamba mkubwa wa mito ya Afrika huchimba mchanga kando ya maji, hutaga mayai mengi, huyafunika, halafu hukaa karibu kuyalinda kwa muda wa miezi 3 hivi. Kama joto la kiota liko chini ya digrii 31, watoto huwa majike. Kati ya digrii 32 na 34, wengi huwa madume. Joto likizidi hapo, majike hurudi kuwa wengi. Mama mamba ni mlinzi mkali, tena watoto wakilia ndani ya mchanga huwafukua na kuwachukua kinywani mpaka majini. Lakini hata yeye, pamoja na ukali wake wote, si yeye anayechagua dume au jike. Joto la mchanga ndilo linalochagua.

4. Joto hufanyaje kazi hiyo?

Katika mwili wa kila mnyama mna maji ya namna nyingi yanayofanya kazi mbalimbali. Mengine huchukua habari kutoka sehemu moja ya mwili kwenda nyingine, kama tarishi achukuavyo barua. Matarishi hao huitwa homoni. Iko homoni inayoamuru, “Jengeni mwili wa jike,” na iko inayoamuru, “Jengeni mwili wa dume.”

Ndani ya yai la kobe mna kitu kinachogeuza homoni ya dume kuwa homoni ya jike. Udongo ukiwa na joto kubwa, kitu hicho hufanya kazi kwa nguvu, na amri ya jike hushinda. Udongo ukiwa na joto kidogo, kazi yake hulegea, na amri ya dume hushinda.

Shauri hili halikatwi siku ya kwanza, wala siku ya mwisho. Gawanyeni siku za yai katika mafungu matatu. Katika fungu la kwanza mwili waanza tu kupata umbo. Katika fungu la pili, la katikati, joto hukata shauri. Katika fungu la tatu neno limekwisha. Hata joto likibadilika, dume hubaki dume na jike hubaki jike mpaka kufa.

Mtoto wa kobe akitoka katika yai, huwezi kumtambua kwa macho. Lazima akue kwa miaka mingi. Hapo ndipo dume huonekana kwa mkia wake mrefu na mnene, na mara nyingi kwa tumbo la gamba lililobonyea. Kumbukeni jambo hili, maana tutalirudia: kosa likifanyika katika kiota, hakuna atakayeliona mpaka miaka mingi ipite.

5. Tia mkono wako katika udongo

Twaweza kujaribu jambo hili hapa shuleni, bila mayai na bila chombo chochote. Mchana, jua likiwa kali, nenda chini ya mwembe. Chimba shimo lenye kina cha kiganja kimoja, tia mkono ndani. Utasikia ubaridi kidogo. Kisha nenda uwanjani, mahali pasipo na kivuli wala majani, chimba shimo kama lile, tia mkono. Utasikia joto. Hatua 20 tu zatenga mahali hapa na pale, na huenda zatenga madume na majike.

Sasa fikirini nchi yetu. Ndani ya msitu mkubwa jua haligusi udongo ila kwa vipande vidogo. Kwenye nyika ya Kabambare jua hufika chini, lakini majani marefu hupunguza ukali wake. Kando ya kichaka pana kivuli asubuhi na jua jioni. Zamani kobe majike walitaga huku na huku: huyu kivulini, yule juani, huyu mapema, yule baadaye. Kwa hiyo madume na majike walipatikana. Ukoo wa kobe umekaa duniani zaidi ya miaka milioni 200, umeona nyakati za joto na nyakati za baridi, nao haukukoma.

6. Hatari iko wapi?

Kama ni hivyo, kwa nini tuhangaike? Kwa sababu nyakati hizi mambo matatu huja pamoja.

La kwanza, kivuli hupungua. Tukikata miti na kuchoma moto ili tupate shamba la mihogo, mpunga au karanga, udongo uliokuwa kivulini hubaki wazi. Watu lazima wale, na shamba lazima lilimwe. Lakini tukichoma zaidi ya shamba letu, moto ukakimbia nyikani kwa uvivu wetu wa kutokata njia ya kuuzuia, twaua kobe wakubwa, nao mayai twayaacha katika udongo usio na kivuli.

La pili, kobe hukamatwa. Yeye hawezi kukimbia, hawezi kuuma sana. Aonaye kobe njiani humwokota tu, akamla au akamwuza. Tena jike hutaga mayai machache. Ukimla jike mmoja aliye mzima, umekula na watoto wake wa miaka mingi ijayo.

La tatu, dunia yenyewe inazidi kupata joto. Moshi wa makaa ya mawe na wa petroli, pamoja na kuchomwa kwa misitu, umefunika dunia kama blanketi. Tangu mwisho wa karne ya 19, joto la dunia limepanda zaidi ya digrii 1. Mtu mwingine atasema, “Digrii 1 ni nini?” Lakini mmekwisha kusikia kwamba digrii chache tu hutenga madume yote na majike yote.

Mfano umekwisha kuonekana huko Australia. Kaskazini mwa nchi hiyo kasa wengi wa baharini hutaga katika mchanga wa visiwa. Mwaka wa 2018 wataalamu walitoa habari ya kutisha. Waliwachunguza kasa wadogo waliotoka katika mchanga ule wa moto, wakaona kwamba katika kila 100, zaidi ya 99 walikuwa majike. Madume walikuwa kama hakuna.

Fikirini kijiji ambacho kwa miaka 20 wamezaliwa wasichana tu. Mwanzoni hakuna atakayeogopa. Watoto ni wengi, wanacheza, wanakua. Lakini siku ya harusi itakapofika, watamtafuta bwana arusi wasimpate. Ndivyo ilivyo kwa kasa na kobe. Mtu apitaye huona wanyama wengi, akasema, “Hawa hawataisha.” Kumbe wamekwisha kuanza kuisha, ila macho hayajaona.

7. Huruma na maarifa

Sasa turudi kwa mtoto wetu na mayai yake manne. Alitaka kutenda mema. Aliyaonea huruma mayai yaliyolala katika udongo bila mama. Lakini huruma bila maarifa yaweza kuua.

Chini ya kuku anayeatamia pana joto la digrii 37 au 38. Joto hilo ni zuri kwa vifaranga, lakini mayai ya kobe wengi hayawezi kulivumilia muda mrefu. Kobe wanne wangekufa kabla ya kutoka. Tena kuku huyageuza mayai yake kila siku. Yai la kobe ukiligeuza baada ya siku za kwanza, kiumbe kilichomo, ambacho kimekwisha kushikamana na upande wa juu wa yai, chaweza kufa.

Na kama angeyaweka karibu na jiko, je? Huenda yangeishi, huenda wote wangekuwa majike. Yeye angefurahi kwamba ameokoa kobe wanne, wala asingejua kwamba amewachagulia maisha yao bila kujua.

Huko Watamu, kwenye pwani ya Kenya, watu hulinda mayai ya kasa wa baharini. Hata wao, wenye ujuzi wa miaka mingi, hawahamishi kiota ovyo. Wakiona kwamba maji ya bahari yatakifikia, hukihamisha kwa uangalifu mkubwa. Kama hakuna hatari, hukiacha pale mama alipokichagua.

Mwalimu alipomaliza kueleza, mtoto akauliza, “Basi, mwalimu, nifanye nini?”

“Mambo matatu,” akajibu mwalimu. “Usiyatoe. Usiyageuze. Usikate kichaka kile.”

Jioni mtoto akarudi shambani pamoja na bibi yake. Wakapima kwa hatua mahali padogo kuzunguka kile kijiti, wasipalime. Kichaka wakakiacha kisimame, nao wakapanda karanga pande zote. Shamba lao likapungua mistari miwili tu.

“Watakuwa madume au majike, bibi?” akauliza mtoto.

“Mwalimu wako hajui, nami sijui,” akasema bibi. “Udongo unajua. Sisi kazi yetu ni kuuachia kivuli chake.”

MASWALI

1. Bibi alijuaje kwamba mayai yale si ya nyoka?
2. Kwa nini kobe hawezi kuatamia mayai yake kama kuku?
3. Kifaranga huwa jogoo au tembe tangu lini? Na mtoto wa kobe je?
4. Madeleine Charnier alichunguza mayai ya mnyama gani? Katika mji gani?
5. Katika kiota cha kobe, udongo wenye joto kubwa huleta nini? Wenye joto kidogo je?
6. Taja tofauti kati ya kanuni ya mamba na kanuni ya kobe.
7. Kwa nini kasa wengi bila madume ni hatari, hata kama wanaonekana wengi?
8. Eleza kwa maneno yako: “Huruma bila maarifa yaweza kuua.” Toa mfano mwingine kutoka nyumbani kwenu.

KAZI: Chimbeni mashimo mawili kama tulivyosema, moja kivulini na moja juani. Tieni mkono asubuhi, saa sita na jioni, kwa siku tatu. Andikeni katika daftari shimo gani lilikuwa na joto zaidi kila mara, na sababu yake.